Simba wa London na Kiswahili cha Mjukuu Wangu

Ndugu msomaji, safari ziko namna nyingi. Iko ya kutafuta riziki, iko ya kutafuta elimu, iko ya kuzuru jamaa. Hii ninayokusimulia leo ilikuwa ya kutazama mchezo: kuondoka asubuhi mji wa Leicester, kufika London, kuketi thietani, na kurudi usiku. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka minane. Niliondoka nimeshajitayarisha kukasirika. Na kukasirika nilikasirika kweli, walakini si kwa yule niliyemkusudia.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba, 2024, siku ya Jumamosi. Binti yangu ameolewa huko Leicester, na mtoto huyu amezaliwa huko huko. Nilipowasili kutoka Mombasa siku chache kabla, alinijia mbio mlangoni, akanipa salamu ya Kiislamu, akanibusu mkono. Moyo ukanituwa. Usiku baada ya Isha akanisomea Juzuu Amma, herufi kila moja inatoka mahali pake, hata nikaikumbuka bakora ya mwalimu wangu wa chuoni Kibokoni, ambayo ilinifundisha mimi yale ambayo mtoto huyu amefundishwa kwa upole.

Nikamwambia, "Mashaallah, mke wangu! Haya, sasa nambie, leo umekula nini?"

Akanitazama mimi. Akamtazama mamake. Mamake akamfasiria kwa Kiingereza, na mtoto akanijibu kwa Kiingereza.

Nikanyamaza. Kiarabu cha msahafu kapewa na madrasa. Kiingereza kapewa na skuli. Kiswahili, je, ni cha nani kumpa?

Kesho yake nikatoka kwenda barabara ya Belgrave kununua mchele. Huko Leicester wako Wahindi wengi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, wengine waliondoka Kenya kwenye mwaka 1968, wengine walifukuzwa Uganda mwaka 1972. Mwenye duka, mzee wa mvi tupu, aliposikia lafudhi yangu alianza kunihesabia chenji kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Akaniuliza kama madafu bado yauzwa pale Forodhani. Nusu karne na ushei, na Kiswahili chake hakijamtoka. Nikarudi nyumbani na mfuko wangu wa mchele, nimeona haya kama mtu aliyekutwa hana nguo.

Binti yangu akanifariji. "Baba, si kwamba hajui kitu. Anayajua maneno." Akamwita mtoto, na mtoto akayataja kwa furaha, huku akihesabu kwa vidole: simba, rafiki, pumbaa, sarabi, shenzi, na hakuna matata. Nikamwuliza kayapata wapi. Akasema, "The Lion King, Babu!"

Ndipo ilipozaliwa safari yetu. Mtoto alikuwa ameiona filamu mara nyingi, lakini mchezo wenyewe wa jukwaani hajauona. Mamake akaona ndiyo fursa: Babu ataona, na Babu atafasiri.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuusikia, nitaeleza kwa ufupi. Ni ule mtindo wa mchezo ambao watu huzungumza, na mazungumzo yakipamba moto hugeuka wimbo, na wimbo hugeuka ngoma, kisha hadithi ikaendelea pale ilipoachwa. Hadithi ni ya mtoto wa simba, mrithi wa ufalme. Ami yake anamwua babake kwa hila, kisha anamtwika mtoto lawama ili akimbie nchi. Mtoto anakimbia, anakulia ugenini, na mwisho anarudi kudai haki yake. Aliyesoma Hamlet ya Shakespeare ataijua mara moja njia ya hadithi hii, na wenyewe walioitunga hawakuficha.

Ilianza kuwa filamu ya katuni mwaka 1994, ya kampuni ya Disney ya Marekani. Kabla ya kuchora, watengenezaji wake walikuja Kenya kutazama mbuga na wanyama. Mwaka 1997 hadithi ikapandishwa jukwaani huko Marekani, na msimamizi wake akawa mwanamke anayeitwa Julie Taymor, ambaye katika ujana wake aliishi Indonesia akijifunza michezo ya vinyago na vivuli. Mwaka 1998 akapata tuzo ya Tony, na akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo hiyo kwa kuongoza mchezo wa nyimbo. London mchezo ulifunguliwa Oktoba 1999 katika thieta ya Lyceum, na tulipokwenda sisi ulikuwa umetimiza miaka 25 katika nyumba ile ile, ukiondoa ile miezi ya Korona ya 2020 na 2021. Duniani kote wameutazama watu zaidi ya milioni 100.

Sasa, hasira yangu ilitoka wapi? Ilitoka katika yale maneno mawili, hakuna matata. Mwaka ule ule wa filamu, 1994, kampuni hiyo iliomba kuyaandikisha maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la kupinga, na watu zaidi ya laki moja wakatia sahihi. Haki ya kusema ni kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kulitamka neno. Humzuia mwenzake kuliuza katika bidhaa za namna ile, katika nchi ile. Hata hivyo, mtu wa Pwani hawezi kulisikia jambo hilo asikune kichwa. Bendi yetu ya Them Mushrooms iliyaimba maneno hayo katika Jambo Bwana mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya huyo simba wa katuni kuzaliwa, na Boney M. wakayachukua mwaka 1983 wakayaimbia Ulaya. Tena hata Them Mushrooms hawakuyabuni. Waliyakuta mdomoni mwa watu.

Basi nilikuwa nimeyapanga yote hayo kichwani. Nitakwenda, nitaona walivyokitumia Kiswahili chetu, nitarudi niandike makala yenye pilipili.

NJIANI

Kutoka Leicester mpaka London ni kama kilomita 160, na gari la moshi lilitufikisha kwa muda wa saa moja na dakika chache. Abiria wanasoma, wanalala, hapana anayemwuliza mwenziwe atokako. Nilikumbuka safari zetu za gari la zamani la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ambapo kabla hujafika Voi umeshajua jirani yako ana watoto wangapi na deni la nani.

Tulishuka stesheni ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 1868, yenye jengo la matofali mekundu na minara kama ngome. Tukateremka chini ya ardhi tukapanda gari la njia ya Piccadilly mpaka Covent Garden. Pale, msomaji, ukishuka uko chini sana. Kuna lifti, na kuna ngazi za kuzunguka zenye vidato 193, na tangazo la kukuonya usizipande ovyo. Mjukuu wangu alitaka ngazi. Mimi nikamwambia mtu wa miaka 58 ana hiari, nikaingia katika lifti.

Iko mas-ala ya sala, na najua wasomaji wangu watauliza. Mchezo ulianza saa nane u nusu mchana, na ulikuwa wa saa mbili na nusu. Alasiri ingetukuta tumo ndani, na kutoka nje mbio si jambo la kutegemea. Nasi ni wasafiri, na dini yetu imempa msafiri rukhsa. Tulipata chumba cha kusalia ambacho mkwe wangu alitwelekeza, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza. Mjukuu wangu alisimama nyuma na mamake. Alipomaliza akaniuliza kwa nini ni rakaa mbili mbili, na mamake akafasiri swali lake na jibu langu. Nikajihisi kama bwana shauri wa zamani anayesema na raia zake kwa mkalimani. Huyu ni damu yangu, nami nasema naye kwa mkalimani!

Wako vilevile watakaouliza: wewe uliyehitimu msahafu, wafuata nini penye nyimbo na ngoma? Mimi si mufti, na fatwa sitoi. Ila nasema tu kwamba nimekulia mji wenye maulidi ya dufu, wenye kirumbizi, wenye gungu na taarabu. Na watu wetu daima wamekhitalifiana katika mambo haya, huyu akihudhuria, yule akipita njia nyingine, na wakakutana tena msikitini. Asiyetaka kuingia thietani simlaumu. Naomba tu anisikilize, kwa kuwa nililolipata humo linamhusu pia.

NDANI YA THIETA

Lyceum iko barabara ya Wellington, na mbele yake kuna nguzo kubwa nyeupe za tangu mwaka 1834. Nyumba hiyo imepitia mengi. Baada ya Vita Kuu vya Pili iligeuzwa ukumbi wa dansi kwa miaka mingi, ikarudishwa kuwa thieta kubwa mwaka 1996. Viti vyake ni kama 2,100. Vyetu vilikuwa juu kabisa, kila kimoja kwa pauni 60, yaani kama shilingi elfu kumi za Kenya. Binti yangu alinificha bei mpaka tulipokwisha kuketi, akijua ningerudi nyumbani.

Taa zikazimika. Akatokea mwanamke mmoja aliyepakwa rangi usoni, huyo ndiye Rafiki, nyani mganga, akapaza sauti peke yake. Hapakuwa na mtu mwingine jukwaani. Akajibiwa na sauti nyingine kutoka upande wa juu, na nyingine kutoka upande wa pili. Kisha nyuma yake likapanda jua, jua la vitambaa na vijiti tu, lakini wallahi lilichomoza. Twiga wakaingia, kila twiga ni mtu aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, na shingo imeinuka juu ya kichwa chake. Ndovu akapita chini kabisa katikati ya watazamaji, watu wamo ndani ya miguu yake. Akaja mtu anayesukuma magurudumu, na kila gurudumu likizunguka paa wanaruka.

Lililonishangaza ni kwamba hawakuficha kitu. Mnyama unamwona, na mtu anayemchukua unamwona. Kinyago cha simba kiko juu ya kichwa, na uso wa mchezaji uko wazi chini yake. Nyika yenyewe ni wanawake waliojitwika nyasi juu ya ungo, wakipita wanayumba kama upepo unawapitia. Simba dume alipouawa, simba jike wakavuta tepe nyeupe kutoka machoni mwao, ndefu, mpaka zikafika kifuani. Hayo ndiyo machozi. Ukame ulipoingia, kulikuwa na duara la kitambaa cha buluu sakafuni, kikavutwa polepole ndani ya tundu mpaka kikatoweka. Watu elfu mbili tukakitazama kitambaa kikimalizika kana kwamba ni maji ya kisima chetu wenyewe.

Na lugha? Hapo ndipo nilipopata pigo la kwanza. Nilikwenda kusikia Kiswahili, nikakuta kwaya yote yaimba Kizulu na lugha nyingine za kusini. Nyimbo hizo ni kazi ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto aliyekwenda uhamishoni zama za ubaguzi. Nyimbo nyingi za Kiingereza ni za Elton John na Tim Rice. Lakini mgongo wa mchezo, ule unaokusimamisha nywele, ni wa yule mtoto wa Soweto na waimbaji wengi aliowatoa kwao. Kizulu na Kiswahili ni ndugu: nyoka kwao ni inyoka, nyuni ni inyoni, mtu ni umuntu. Nilitega sikio nikawa naokota neno hapa na neno pale, kama mtu asikilizaye jamaa zake wakizungumza nyuma ya ukuta.

Nikatambua jambo. Mzulu katika mchezo ule ana sauti. Ana mtunzi, ana waimbaji, ana nyimbo nzima nzima. Mswahili ana nini? Ana majina. Tumechangia majina ya wanyama.

MAPUMZIKO

Ikafika nusu ya mchezo. Wazungu wakaenda kwenye vinywaji vyao, sisi tukanunua aiskrimu ya vikopo. Binti yangu akasoma maandishi yote ya kifuniko kwanza ahakikishe hamna kilichoharamishwa. Mjukuu wangu akageuka kwangu na kazi ikaanza. "Babu, haya maneno yana maana gani?"

Nikamwambia simba anamjua. Rafiki ni rafiki, neno tulilolipata kwa Waarabu. Sarabi, jina la mama wa Simba, nalo asili yake ni Kiarabu: ni yale mazigazi, maji ya uongo yanayoonekana mbali jangwani na mwenye kiu akifika asiyakute. Nikamwambia neno hilo limo katika Surat an-Nur, na akifika atalikuta. Macho yakamtoka. Hakujua kwamba msahafu wake na huyo simba wake wana neno moja, na kwamba neno hilo lilipita kwetu.

Pumbaa ni yule aliyeduwaa, akili imemtoka kidogo. Akacheka sana, kwa sababu nguruwe mwitu yule ndivyo alivyo.

Akauliza, "Na Shenzi?"

Shenzi ni jina la fisi mmoja katika mchezo. Ulimi wangu ukawa mzito. Nifasiri nini? Nimwambie kwamba hilo ni neno ambalo babu zake wa Pwani, zama za misafara, waliwaita nalo watu wa bara? Nimwambie kwamba mimi mwenyewe utotoni nililisikia likirushwa vibarazani kwa mchukuzi aliyepita na gunia mgongoni, na hapana mzee aliyekemea? Wageni wamelikuta katika lugha yetu wakamvika fisi, na fisi hakutukanika. Sisi tulimvika binadamu. Nikamwambia, "Hilo ni neno baya, mjukuu wangu. Tuliwaita nalo watu, na hatukufanya vyema. Wewe usimwite mtu."

Mamake alipokuwa anafasiri alinitazama. Hakuwa amepata kunisikia nikisema hivyo.

Likabaki lile la mwisho. "Na hakuna matata?"

Nikasema kwa raha, maana hapo ndipo penye makala yangu. Nikamweleza tata: uzi ukijisokota hata usijue ncha, umetata. Kuufungua ni kuutatua. Neno lisiloeleweka lina utata. Matata ni yale yaliyojifunga mafundo. Nikamwambia hicho ni Kiswahili sahihi, ila mzee wa Mji wa Kale ukimkanyaga atakwambia "si neno" au "haidhuru" kabla hajasema "hakuna matata". Mtoto akayarudia: si neno, haidhuru. Akayapenda. Nami nikaona nimeshinda.

MAANA NILIYOPITWA NAYO

Kengele ikalia tukarudi vitini. Na sehemu ya pili ya mchezo ikaniondolea ushindi wangu.

Nilikuwa nimeyachukulia maneno yale mawili kuwa ni kibwagizo tu cha kuchekesha. Sikuwa nimeangalia ni nani anayeyasema, na anayasema lini. Katika mchezo, hakuna matata ni mafundisho ya wakimbizi. Mrithi kakimbia kwao, kakutana na marafiki wawili wema wenye kupenda raha, nao wakamfunza kwamba yaliyopita yasahau, usijishughulishe, kula, lala, kua. Na anakua! Anafika jukwaani mtoto, anatoka jukwaani barobaro mwenye manyoya shingoni, na wimbo ni ule ule mmoja. Watazamaji wanapiga makofi. Lakini wakati yeye anaimba hayo, kwao kisima kinakauka. Kile kitambaa cha buluu kinaingia katika tundu.

Kisha usiku unamjia uso wa babake, uso mkubwa uliokusanyika kutoka vipande vipande gizani kama nyota, ukamwambia amejisahau. Nikasikia mkono mdogo umenishika kidole. Mjukuu wangu alikuwa analia. Nami, ndugu msomaji, sikuwa na haki ya kumcheka.

Maana mle gizani nilimwona mtu mwingine. Nilimwona baba mmoja wa Mombasa, mtunzi wa mashairi, aliyemtia binti yake katika skuli ambayo mtoto akisikika anasema Kiswahili uwanjani huvishwa kipande cha mbao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe amsukumie. Binti alirudi siku moja analia kwa ajili ya kibao hicho. Baba akamwambia, "Si neno, mwanangu, vumilia, Kiingereza ndicho chakula." Akalipa karo ya muhula uliofuata. Usiku ule ule akaketi akatunga shairi la kukisifu Kiswahili, na likachapishwa.

Baba huyo ni mimi. Kila alipoulizwa habari ya mtoto na lugha, jawabu lake lilikuwa ni hilo hilo la nguruwe mwitu, ila alilisema kwa Kiswahili kizuri zaidi.

KURUDI

Tulitoka jua linakaribia kuchwa. Magharibi tukainuia kuikusanya na Isha nyumbani. Katika gari la moshi taa zilikuwa zinapita dirishani, na mimi nikamwambia binti yangu kwamba si yeye mwenye kosa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nikirudi kazini usiku, mtoto hajala, hajaoga, na ana kazi ya skuli. Nasema naye ile lugha itakayonifikisha upesi kitandani. Si kwamba sipendi." Nikamwambia najua. Kuna wakati lugha haifi kwa kuchukiwa. Hufa kwa kuchoka watu.

Nikamgeukia mtoto. Nikamwambia, iko hadithi nyingine ya mtu wa ufalme aliyeonewa na jamaa yake, na hiyo ni yetu. Nikaanza kumsimulia Fumo Liyongo wa nchi za Pate na Ozi, mrefu kama mnara, mpiga upinde na mtunzi, ambaye Muhammad Kijuma wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Nikamwambia alivyotiwa kifungoni kwa hila. Alivyompelekea mamake ujumbe kwa njia ya mashairi, kupitia kwa kijakazi Saada, amwokee mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Maana walinzi hula mikate mizuri, na ya wishwa humwachia mfungwa. Alivyoomba apigiwe gungu kabla ya kuuawa, na watu wakaja na ngoma na pembe na matoazi, na kila kelele ilipopanda yeye anakata pingu kwa tupa, na hapana aliyesikia.

Mamake alikuwa anafasiri sentensi kwa sentensi. Kisha nikaona hafasiri tena yote. Anamwachia mtoto "mkate", anamwachia "tupa", anamwachia "gungu", kwa kuwa mtoto ameyashika.

Mtoto akaniuliza, "Babu, hii yachezwa wapi? Twaweza kwenda Jumamosi ijayo?"

Nikanyamaza mpaka gari likapita stesheni nzima. Mfungwa anakata pingu zake chini ya kelele za ngoma: utapata wapi mchezo wa nyimbo uliojiandaa wenyewe kuliko huo? Mtunzi tunaye, ngoma tunazo, waimbaji tunao. Lakini sikuweza kumtajia mtoto yule nyumba moja, siku moja na saa moja, ambayo akenda na tikiti mkononi ataikuta Liyongo ikichezwa. Wenzetu wamechukua jina la simba wakalijengea nyumba ya miaka 25. Sisi tumekaa na upinde wa Liyongo tunauliza nani katuibia jina.

Sisemi kwamba lile jambo la alama ya biashara ni haki. Bado nalikunia kichwa. Ila nimejua kwamba neno haliibiwi pale linapovaliwa fulana na mgeni. Neno huibiwa pale mtoto wa mwenyewe anapolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni, na mwenyewe yuko hai, ana ulimi, na simu anayo mfukoni.

Tangu nirudi Mombasa, kila Jumapili baada ya Alasiri nampigia mjukuu wangu. Hatufanyi somo. Namsimulia tu, kipande kidogo kidogo, kwa Kiswahili, na mamake huingilia pale tu tunapokwama. Tumekwisha kuutoka mlango wa gereza, tumeingia mwituni, sasa tuko karibu na kisima, na sindano ya shaba imeshatiwa mkononi mwa mwana wa Liyongo. Jumapili iliyopita nikakatiza hapo, maana maji ya udhu yalikuwa yaningoja na adhana ya Magharibi imekaribia.

Kukawa kimya kule Leicester. Kisha akaniuliza, bila ya mkalimani, "Kisha, Babu?"